Nafasi Namba Arobaini na Moja

Marehemu mume wangu alikuwa mlinzi wa jengo la kuegeshea magari, la ghorofa tano. Magari yalipopungua, mwenye jengo alituruhusu tukae ghorofa ya tatu, kwenye nafasi namba arobaini na moja. Mbao pande tatu, turubai mbele. Sakafu yenyewe imeinama, kwa hiyo miguu miwili ya kitanda niliitilia matofali. Humo ndimo alimokata roho, nami nikabaki, nafagia ngazi.

Mwaka huu ikatangazwa kuwa jengo litageuzwa nyumba za watu, na wenye nafasi humo ndio wa kwanza kuandikwa. Nilipiga magoti, nikamshukuru Mungu.

Karani alinikuta kwenye ngazi na ndoo mbili, maji yananimwagikia miguuni.

"Shikamoo mama. Una nafasi?"

"Marahaba mwanangu. Sina nafasi, si unaniona? Labda saa sita."

Akaandika, akanipa kalamu. Nikatua ndoo, nikatia sahihi bila kusoma, nikijua nimekubali aje saa sita. Nilimngoja mpaka jua likazama.

Majina yalipobandikwa, langu halikuwamo. Wifi yangu akanisindikiza ofisini, njia nzima ananicheka kwa uchungu.

"Miaka yote hukuwa na nafasi hata ya kuumwa. Leo huna hata ya kulala!"

Karani alifunua karatasi. "Mama, sahihi ni yako. Hapa: hana nafasi."

"Nilikwambia nina kazi, baba."

"Mimi niliuliza ya kukaa."

"Ya kukaa hukuitaja."

Akaisoma tena ile karatasi. Ni kijana mwenye adabu, siwezi kumsingizia. "Nimekuelewa, mama. Lakini orodha ilishapelekwa, na arobaini na moja imeshapata mwenyewe."

"Si ufute!" wifi akamaka.

"Ningefuta la nani, dada?"

Wifi mwenyewe amebanana na wakwe zake chumba kimoja. Tuliporudi, aliondoka na godoro langu tu, ananifuta machozi yangu na yeye yake yanamtoka.

Wiki iliyofuata mafundi wakabomoa mbao zetu. Msimamizi wao akanirudishia matofali yangu mawili, akayapangusa kwanza.

"Mama, kesho una nafasi? Kuna vumbi la kufagia huku juu."

"Ninayo," nikamwambia.

Nikayashusha matofali mpaka chini, nikayapanga kando ya ndoo, nikayakalia.