Viti Viwili, Saa Mbili

Karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa friji kwa sumaku yenye umbo la embe, na duara jekundu lililokuwa juu yake lilionekana tangu mtu anapokanyaga kizingiti. Khai aliichomoa mwenyewe katikati ya kalenda ya kuchana, wiki nne kabla ya siku yake. Tarakimu kubwa ilikuwa tarehe ya serikali, Jumamosi. Chini yake, kwa tarakimu ndogo, tarehe ya mwezi mwandamo: kumi na nne. Hiyo ndogo ndiyo aliyoitafuta, kwa maana usiku wa kumi na nne ndipo mji wa Hoi An huzima taa za umeme na kuwasha zile za karatasi, na Khai hakutaka kumpeleka mkewe usiku mwingine wowote. Pembeni aliandika kwa mkono wake: saa mbili, viti viwili.

Miaka kumi na miwili ya ndoa, na safari hiyo ilikuwa deni lao la fungate. Siku walipofunga mizigo, baba yake mkewe, Thoa, alianguka bafuni, nusu ya mwili ikafa ganzi. Mizigo ikafunguliwa. Thoa akaanza kuuza supu ya kome wadogo pale mbele ya nyumba yao, mjini Quang Ngai, na tangu hapo hajawahi kulala na kuamka bila kuwaza sufuria. Basi Khai, fundi friji asiyejua kusema maneno matamu, aliipanga safari kimyakimya. Alitafuta nyumba ya wageni yenye ngazi ya mbao. Alikata tiketi za basi. Alipanga mpaka mahali watakapokunywa chai Jumapili asubuhi. Kila akipita mbele ya friji alitabasamu peke yake kama mwehu.

Mama mkwe wake, Bibi Luong, alikuja Jumanne moja na kikapu cha mboga. Alikwenda kuchukua maji baridi, akasimama. Akavaa miwani. Akaisoma karatasi, akaisoma tena, kisha akageuka na macho yamejaa machozi.

"Khai, mwanangu! Umeitia alama?"

Khai alikuwa chini, anafungua mota ya feni. "Alama gani, Mama?"

"Usijifanye hujui, wewe! Siku ya baba yako. Dada zake wote pale kijijini hakuna hata mmoja aliyenipigia simu. Hata mimi mwenyewe nilikuwa nahesabu kwa vidole. Kumbe kuna mtu ameichora kwa wino mwekundu!"

Bisibisi ilimponyoka Khai mkononi. Kumi na nne ya mwezi wa sita. Lo! Siku aliyofariki baba mkwe wake, Mzee Luong. Mzee aliyemfundisha kazi, aliyempa mfuko wake wa vifaa akiwa bado hajui hata kuchomea bomba, aliyekosa mtoto wa kiume akamfanya yeye mwanawe. Siku za mwisho, ulimi umekuwa mzito, alimshika kifundo cha mkono akasema, "Siku yangu usiisahau. Udi wangu utaushika wewe." Mwaka wa saba huu Khai ameushika. Na safari hii aliitazama tarehe yenyewe kwa macho yake mawili, akaizungushia duara, akaona taa tu.

Hapo ndipo angesema. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini mama mkwe alikuwa amekwisha kumwekea kiganja kichwani, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia tangu amwoe bintiye, na Khai akalimeza.

"Na hii?" Bibi Luong akainama tena kwenye karatasi. "Saa mbili, viti viwili. Ni nini?"

"Viti," Khai akasema. Sauti yake aliisikia kama ya mtu mwingine. "Vya kuazima kwa jirani. Mwaka jana wageni wawili walikula wamesimama."

"Jamani! Mpaka viti amewaza!" Akamgeukia Thoa, aliyesimama mlangoni na upawa mkononi. "Wewe umepata mume, unanisikia? Wenzio wameokota wanaume."

Thoa aliitikia kwa kichwa, akarudi kwenye sufuria yake.

Bibi Luong aliomba apewe ile karatasi, akaikunja kwenye leso, akaondoka nayo. Kufika jioni mtaa mzima ulikuwa na habari. Muuza barafu alimpigia Khai saluti. Mwanamke wa duka la dawa, ambaye kwa kawaida hamwoni mtu, alimwambia angetamani mkwe wake ajifunze kwake. Khai aliona aibu mpaka masikio yakamwasha. Alipita njia ya nyuma kurudi nyumbani kwake mwenyewe.

Binti yao Vy alipokwenda kuoga, Khai alijikaza.

"Mama Vy, nina neno."

"Ninalijua," Thoa akasema bila kuinua macho kutoka kwenye kome anaowaosha. "Mwenye nyumba ya wageni alipiga simu wiki iliyopita. Ulikuwa juu ya paa la watu unatengeneza mashine yao, simu umeisahau hapa. Aliuliza kama tunapenda chumba cha juu au cha chini."

"Ukamwambia nini?"

"Cha juu."

Khai alikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. "Nilisahau, Thoa. Haki ya nani, nilisahau siku ya Baba."

"Mimi sikusahau." Mikono yake ilisimama ndani ya maji. "Niliiona karatasi siku ileile ulipoibandika. Nikajua ni siku ya nani. Nikasema moyoni, mwaka mmoja tu, atatuelewa. Nikaenda nikanunua viatu vya safari. Sasa niambie, kati yangu na wewe, nani mbaya zaidi?"

Khai alimpa taulo afute mikono, naye akafutia uso. Kesho yake Khai alipiga simu kukifuta chumba, na mwenye nyumba akamwambia kwa upole kwamba cha juu ndicho kizuri kuliko vyote, pole sana.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo, saa mbili kamili, wakati basi lilikuwa linatoka stendi, Khai alikuwa anavuka barabara na viti viwili vya plastiki kichwani. Viti vya bluu, kimoja kina ufa. Kwa mama mkwe viti vilikuwa vimejaa tele tayari, hakuna aliyekuwa na haja navyo. Aliviweka ukutani.

Kwenye meza ya marehemu bata alikuwa amepangwa, na wali, na kikombe cha pombe. Picha ya Mzee Luong ilimtazama kama kawaida, kidevu juu. Na mbele ya picha, imeegemezwa kwenye bakuli la udi, ilikuwa ile karatasi. Khai alishika vijiti vitatu vya udi, akainama mara tatu mbele ya duara lake mwenyewe.

Udi ulipokwisha, walitoka uani kuchoma zile nguo na noti za karatasi zinazopelekewa marehemu. Bibi Luong aliichukua karatasi ya kalenda, akamkabidhi. "Itie wewe mwenyewe. Ichome imfikie. Aione alivyokumbukwa."

Moto ulikuwa umeshika vizuri. Khai alinyoosha mkono, mkono ukagoma. Aliiwaza karatasi ikifika kule, mzee akivaa miwani.

"Mama," alisema polepole, "hivi ni viti vya basi."

"Viti gani?"

"Viwili. Vya kwenda Hoi An. Nilitafuta usiku wa taa. Siku ya Baba sikuikumbuka, Mama. Nilikudanganya."

Bibi Luong alimtazama, kisha akamtazama binti yake. "Na wewe ulijua?"

Thoa aliinamia miguu yake. Alikuwa amevaa viatu vipya, rangi ya maziwa, na majivu yalishaanza kuvichafua. "Nilijua," akasema.

Mama aliichukua karatasi mkononi mwa Khai. Hakuichoma. Aliikunja mara moja, mara ya pili, akaitia mfukoni mwa blauzi na kufunga kifungo.

"Chakula kinapoa," akasema.

Ndani, mdogo wake marehemu, Baba Mdogo Tam, alikuwa amekwisha kusimama na kikombe. "Leo nataka kusema habari za mkwe wetu! Vijana wa siku hizi hata siku waliyozaliwa wanakumbushwa na simu. Lakini huyu—"

Khai alirudi nyuma hatua moja, mgongo ukagusa ukuta. Alimtazama mama mkwe. Neno moja tu kutoka kwake lingetosha kuzikatiza sifa hizo, na hakika alimwomba kwa macho alitamke.

Bibi Luong alivuta vile viti viwili vya bluu, akaviweka kimoja kando ya kingine, mbele kabisa, watu wote wakiviona. Akakipangusa chenye ufa kwa kiganja.

"Kaeni," aliwaambia Khai na Thoa. "Viti vyenu hivi."