Meli ya Upande Mmoja

Leonard aliendesha mabasi miaka thelathini, na dereva wa aina hiyo hata mezani hukaa kidereva. Tangu presha imwangushe, alishinda nyumbani Bigwa akiunganisha meli ya plastiki, mfano wa meli ya mizigo ya enzi za Vita Kuu ya Pili, aliyopewa na rafiki yake Noordin mwenye duka. Aliifunga kwenye kibao, pua ikitazama mbele, akakaa nyuma yake kama yuko kwenye usukani. Kuizungusha hakutaka hata kusikia. Chombo, alisema, hakiendeshwi ubavu.

Mkewe Paskalia hakulalamika. Gundi ilinuka nyumba nzima, lakini heri gundi kuliko mwanamume wa kununa kutwa. Asubuhi ile Leonard, akiwa na shati la kazi kwa mara ya kwanza baada ya miezi miwili, alimwita aje aone meli imekwisha. Vipande vilivyobaki, karibu nusu boksi, eti vilikuwa vya ziada.

Upande wa kulia ulipendeza kweli: reli, ngazi, vimashua, rangi haikuvuka mstari. Upande wa kushoto haukuwa na kitu. Plastiki tupu ya kijivu, tangu pua mpaka nyuma.

"Na huku?" aliuliza, akipagusa.

"Huku wapi? Nimemaliza kote."

Hakuwa akitania. Paskalia akakumbuka wali ambao mumewe aliuacha kila siku upande mmoja wa sahani, naye akidhani ni kukosa hamu. Saa mbili mtu huyu anarudi kazini, anaondoka na basi la Dodoma, na kushoto kwa barabara ndiko wanakotembea watu.

Akamwambia wazi kwamba haoni vizuri, waende hospitali. Leonard alicheka, halafu akakasirika, akamkataza kumletea mkosi. Paskalia akachomoa leseni kwenye koti lake, akaiweka mezani, upande wa kushoto wa mumewe, huku akimwomba Mungu aione. Leonard alipapasa mifuko. Akaitazama meza mara tatu.

"Mama Happiness, leseni yangu umeiweka wapi?"

"Iko mbele yako."

Hakuiona. Akasema trafiki wote wanamjua, akadandia bodaboda. Paskalia alimfuata, alipofika stendi ya Msamvu basi lilikuwa limeshatoka. Mwenye basi alipokea simu baada ya saa nzima, akajibu kwamba Leonard anaijua kazi yake, akakata. Wa kumpigia akabaki mdogo wa Paskalia, Yustina, anayeuza nyanya Dumila kwenye njia ya Dodoma, kule ambako wachuuzi hulikimbilia kila basi upande wa mlango, kushoto.

"Tokeni barabarani, wewe na wenzako wote," Paskalia alimwambia. "Mwambie trafiki alisimamishe basi la shemeji yako. Hana leseni, na kushoto haoni."

Kwenye simu alisikia watu wakiitana na ndoo zikigongana.

"Dada," alisema Yustina, "hilo hapo linaingia."