Mshika Antena

Majirani walimwita Bwana Mawimbi, naye alidhani wanamsifu. Labda mwanzoni walimsifu kweli. Kwa miaka thelathini alikuwa fundi wa redio na televisheni, na hakuna aliyeweza kumtoa kwenye imani yake moja, kwamba picha hupita hewani bure na anayeilipia kila mwezi ama ni mjinga ama fedha zinamwasha. "Hewa ni ya Mungu," alikuwa akisema, mikono ameikunja kifuani. "Mimi sinunui hewa."

Mkewe, mshonaji, alishaizoea imani hiyo kama alivyozoea mkoromo wake. Ila yeye alikumbuka jambo ambalo majirani walishalisahau. Nyumba hii iliwahi kuwa na dishi juu ya paa na kifurushi kamili cha michezo, tena kikilipiwa na cherehani yake. Dishi liliteremshwa siku ile ile binti yao wa pekee alipotoka chumbani na begi lenye viatu vya kuchezea mpira, anakwenda kujiunga na timu. Baba alisimama mlangoni. "Ukivuka hapa na hivyo viatu," alimwambia, bila hata kupandisha sauti, "usirudi." Binti akavuka. Basi mzee akapanda paani na spana, akalifungua dishi, akatangaza kwamba ndani ya nyumba yake mpira hautatazamwa tena. Dishi likaishia uani, kuku wakalifanya bakuli la kunywea maji ya mvua. Habari za Mungu na hewa zilianza baada ya hapo.

Miaka sita ikapita hivyo. Mama aliongea na binti kwa simu, kwa kujifichaficha, akiwa kwenye duka la vitambaa au nyuma ya choo. Kumwona akicheza hakuwahi hata dakika moja. Ligi ya wanawake ilionyeshwa na chaneli za kulipia, na uwanja ulikuwa mwendo wa siku nzima. Alijua mchezo wa mwanawe kwa kusimuliwa, kama mtu anavyojua habari za mjukuu aliyezaliwa ughaibuni.

Halafu binti akaitwa timu ya taifa. Timu ikafika fainali. Picha yake ikatoka gazetini, ndogo kama stempu, na Bwana Mawimbi akabadilika kama usiku kuwa mchana. Alilikata gazeti kwa mkasi wa mkewe, ule wa vitambaa ambao hata yeye alijua haukatiwi karatasi, akawa anatembea na kile kipande mfukoni. "Damu yangu hiyo," aliwaambia watu kinyozini. "Nguvu za miguu amezitoa kwangu." Mama alipozisikia habari hizo aliinamia cherehani yake. Akifungua mdomo yangetoka ya miaka sita.

Wiki ya fainali binti alipiga simu. Mama alikuwa amemshonea kitambaa cha kufunga kichwani, kipande cha satini ya rangi ya machungwa kilichobaki kwenye gauni la msimamizi wa harusi, akakituma kupitia kwa kocha wake. Kwa ndani alikuwa amekipiga bandi ndogondogo ili kisimkwaruze.

"Nitakivaa Jumapili, mama," binti alisema. "Nikifunga bao nitakigusa. Ukiona nimegusa kichwa, ujue naongea na wewe. Utaniona?"

"Nitakuona, mwanangu."

"Kweli?"

"Hata kama nitatambaa. Nitakuona."

Na njia ilikuwepo. Muuguzi wa nyumba ya pili, ambaye ukuta wake ulikuwa ukuta wao, alikuwa na dishi na kifurushi kisichokatika. Alishamwambia: "Jirani, kiti chako nakiweka mbele kabisa. Siku hiyo hukai nyuma ya mtu." Mama akakubali, akaanza hata kufikiria nguo ya kuvaa.

Bwana Mawimbi aliposikia, alivimba. "Mtoto wangu nikamtazame sebuleni kwa watu? Kwani mimi nimekufa? Kituo cha taifa kinaionyesha bure! Kinachotakiwa ni antena na akili." Akagonga paji la uso kuonyesha akili ilipo.

Siku tatu alikata mabomba ya aluminiamu, akayapanga kwenye ubao, akafunga yote kwenye mlingoti wa kimo cha mtu nyuma ya nyumba, kando ya dirisha la sebule. Sehemu moja tu aliiharakisha. Pale waya ulipoungana na antena palitaka kulehemiwa, na chuma chake cha kulehemu kilikuwa kimekufa zamani. Fundi wa barabara ya pili alikuwa nacho. Lakini Bwana Mawimbi kwenda kuazima kwa mtu aliyekuwa akimwita kanjanja! Afadhali afe na tai shingoni. Alikisokota kiungio kwa koleo, akakizungushia utepe wa gundi, akasema kimeshika.

Jumapili mchana king'amuzi kiliwashwa na picha ikaja, safi, majani ya uwanja unaweza kuyahesabu. Mama alikaa kwenye kigoda mbele kabisa, magoti yakikaribia kugusa televisheni. Timu zilikuwa bado kwenye ujia wa kutokea. "Unaona?" mume alisema. "Na sisi tuko mbele ya wenye dishi. Picha ya dishi inapanda juu angani ndiyo ishuke, inachelewa sekunde nane, tisa. Bao likiingia, sisi tunajua kwanza. Yule muuguzi na kifurushi chake atakuwa anakula kiporo."

Mchezaji wa kwanza akachomoza kwenye ujia, na picha ikaganda. Ikavunjika vipande vya mraba, ikazimika. Skrini ikawa ya buluu na maandishi meupe: HAKUNA MAWIMBI.

"Kiungio," alisema fundi. "Mama, toka kidogo ukakibonyeze."

Akatoka. Akakishika kiungio kwa vidole viwili, akakibana kwenye mlingoti.

"Hapo hapo!" sauti ilitoka dirishani. "Usiguse kitu! Picha kama kioo!"

"Nikiachia?"

"Jaribu."

Akaachia.

"Imekwenda! Rudisha, rudisha! Haya, hapo. Kaa hivyo hivyo."

Walijaribu kamba, ikakataa. Walijaribu kibanio cha nguo, jiwe, ufito. Kiungio kilitaka vidole vya mtu. Na ndani wimbo wa taifa ulikuwa umeshaanza kuimbwa.

"Mzee, njoo ushike wewe, hata dakika kumi tu, nimwone."

"Mimi nikitoka huko nje, nani atajua kama picha imekaa? Hii ni kazi ya ufundi, mke wangu. Wewe shika, mimi nitakusimulia."

Angeweza kwenda kwa muuguzi. Alilifikiria hilo baadaye, mara nyingi kuliko ilivyofaa. Lakini alimwona mume wake, kwa kupitia mwanya wa pazia, amekaa kwenye ukingo wa kiti na kile kipande cha gazeti mkononi, na moyo wake wa kijinga ukamwonea huruma. Akasema kipindi cha kwanza ashike yeye, cha pili watabadilishana. Kutoka pale aliona kisogo cha mumewe na upande wa kabati. Televisheni ilikuwa imejificha nyuma ya ukuta, mahali ambapo yeye mwenyewe aliiweka ili jua lisiipige.

Simulizi ya Bwana Mawimbi ilidumu kama dakika tano. "Ana mpira... kaupiga... ah, huyo refa!" Baadaye yakabaki "ah" na "oh," kisha hata hayo yakaisha, na mama akawa anamsikiliza mtangazaji kwa mbali akilitaja jina la mwanawe kama mtu asiye na ukoo. Jua lilihamia upande wake. Mkono wa kulia ukafa ganzi, akabadilisha wa kushoto. Kutu ya mlingoti ilimpaka hadi kiwiko.

Wakati wa mapumziko alimwita tena. Mzee alitokeza kichwa dirishani, macho yanang'aa. "Mwanamke, usivunje mambo sasa hivi! Picha haijawahi kukaa hivi. Tukibadilishana inaweza isirudi kabisa." Akampitishia kikombe cha maji. Alikunywa kwa mkono mmoja, na akamchukia, wazi kabisa na bila kujificha, kama ambavyo hakuwahi kumchukia hata siku ile ya mlangoni.

Ilikuwa bado sifuri kwa sifuri, zimebaki dakika chache, aliposikia mtangazaji akipiga kelele za penalti. Halafu jina. Jina la mwanawe.

"Mzee! Ni yeye anapiga?"

Kimya.

"Mzee! Amepiga?"

Kupitia mwanya wa pazia aliona kisogo cha mumewe kimeinama, mabega yanatikisika. Mungu wangu, amekosa, akasema moyoni. Mwanangu amekosa mbele ya nchi nzima. Akaanza kuhesabu pumzi zake mwenyewe, kwa sababu hakuwa na kingine cha kufanya, na alipofika kama ya nne ukuta wa muuguzi ulilipuka. Vigelegele, viti kuanguka, mtu anagonga sufuria. Bao.

Kwa hiyo alikuwa amefunga. Mume wake alilijua kwa sekunde nane au tisa, akalilia peke yake na kulimaliza, na kulirusha dirishani hakukumbuka. Aliyempeleka mtoto uwanjani kwa nauli za kushona alipata habari kutoka kwa jirani.

Lakini furaha ni furaha. Alipiga vigelegele naye, vidole bado vimebana waya, machozi yakichanganyika na kutu usoni. Alivumilia dakika zilizobaki. Kipenga cha mwisho kikalia, halafu sauti iliyotoka dirishani ikawa ya mtu anayehema, sauti ambayo angeitambua katikati ya soko.

"Kwanza namsalimu mama yangu," binti alikuwa akisema. "Mama, najua unaniona."

Aliachia. Hakuamua, vidole viliachia vyenyewe, na miguu ikamzungusha nyumba, akapita mlango wa jikoni, akagonga nyonga kwenye cherehani, akaifikia televisheni. Picha ilikuwa imeganda. Palikuwa na miraba ya kijani, mraba mwekundu wa fulana, kipaza sauti, na kidevu. Kidevu kilikuwa cha mwanawe, hilo hakulitilia shaka. Kutoka kidevuni kwenda juu miraba ilikuwa ya kijivu. Alipiga magoti, akanyoosha kidole kuigusa, na skrini ikawa ya buluu.

"Nani amekwambia uachie?" Bwana Mawimbi alifoka. "Si alikuwa anaongea! Ungesubiri dakika moja tu!"

Na kutoka ukutani, kwa muuguzi, kwenye kifurushi cha kulipia, sauti ikaja tena, imechelewa kama alivyosema fundi: "Mama, najua unaniona." Watu wakashangilia.

Alibaki pale chini. Aliuliza kitu kimoja tu. "Kitambaa alikivaa?"

"Kitambaa gani?"

"Kichwani. Cha rangi ya machungwa. Alipofunga bao alikigusa?"

Mzee alikunja uso kama mtu aliyeulizwa swali la hesabu. "Kichwani sijui. Mimi nilikuwa natazama mpira." Halafu, kwa uchungu wa kweli: "Na wewe umesalimiwa. Mimi hata jina langu hakulitaja."

Nyumba ilijaa watu kabla jua halijazama. Walimshika mkono Bwana Mawimbi, wakamwita baba wa shujaa, naye akawasimulia penalti mara saba, kila mara mpira ukikaribia zaidi mwamba wa goli. Alimsifu hata mkewe: "Huyu mama alinisaidia sana kwenye mambo ya antena." Muuguzi alimkumbatia mlangoni, macho mekundu. "Jirani, ulipomwona anakivua kile kitambaa, akakibusu, akakiinua kwenye kamera, ulijisikiaje? Mimi nililia kama mtoto. Kumbe umeshona wewe, amesema mwenyewe!"

Wote walimgeukia. Angesema nini mbele za watu? Kwamba alikuwa nguzo?

"Nilijisikia vizuri," alisema. "Nilimwona."

Taarifa ya habari ilirudia bao lile, naye akalishikia waya kwa sababu wageni walitaka kuliona. Walimwambia lilionyeshwa kwa mbali, wachezaji kama sisimizi, na kwamba waziri ndiye aliyeonyeshwa kwa karibu.

Wageni walipoondoka alinawa mikono kwa sabuni ya kufulia. Kutu haikutoka kwenye mikunjo ya vidole, na kesho alikuwa na gauni jeupe la kumalizia. Bwana Mawimbi alikuwa ametulia kitini, amechoka vizuri, kipande cha gazeti kifuani. Alisema timu imepangiwa mechi nyingine mwezi ujao, ya kombe kubwa zaidi, na hiyo pia itaonyeshwa bure.

"Mwezi ujao utashika wewe," alisema mkewe.

Alicheka, akidhani ni mzaha. Alipoona hacheki mwenzake, akamtazama kwa mshangao, bila ubaya wowote, kama fundi anayemweleza mteja jambo lililo wazi.

"Sasa nikishika mimi, mama," alisema, "nani atatazama?"