Kibuyu cha Vipepeo

Mwaka ule wa njaa, sabini na nne, kijiji kipya cha ujamaa karibu na Iguguno kilikuwa na kijani mahali pamoja tu: bustani ya marando, mashina ya viazi vitamu ya kupandia, bondeni, penye chemchemi iliyokataa kukauka. Marando hayo Martha aliyabeba kichwani kutoka kijiji chake cha zamani, Kinyangiri. Siku ya kuhamishwa, wenzake walipong'oa milango na mabati ya kupakia kwenye lori, yeye alikata mbegu za viazi, akazifunga kwa majani mabichi, akaacha mlango wake ukining'inia. Bustani ilipofanywa ya kijiji, ni yeye aliyeinywesha asubuhi na jioni. Mvua zikinyesha, kila nyumba ingepata marando ya kupanda, na kwa viazi hivyo watu wangeuvuka mwaka.

Kisha wakaja vipepeo. Wadogo, wa rangi ya chungwa, wenye ukingo mweusi, walijaa bondeni kama makaa yanayopeperuka, na chini yao majani yakaonekana yametobolewa. Kijiji kikashikwa na hofu. Yupo kipepeo wa viazi ambaye viwavi wake hula marando mpaka zibaki nyuzi, na amri ya kata ilikuwa moja: akionekana, ng'oeni na kuchoma kabla hajaenea. Lakini yupo pia ndugu yake, anayefanana naye kama pacha, ambaye hutaga kwenye magugu na viazi hana habari navyo.

Aliyeweza kuwatenganisha kijijini alikuwa mmoja, Alute, mtoto wa Martha. Alikuwa amembebea wavu mgeni mmoja, Mzungu, aliyekuja kukusanya vipepeo Kinyangiri, na mgeni alipoondoka alimwachia sanduku la vipepeo waliochomwa pini na kioo cha kukuzia. Tangu hapo Alute alitembea kidevu juu.

Mwenyekiti Philipo alipomwita, Alute hakushuka bondeni. Alisema mtaalamu hakimbizi wadudu kama mchunga mbuzi, waletwe. Akawekewa meza barazani pa ofisi. Mathayo, bwana shamba, alishauri viwavi wachukuliwe, wafugwe kwenye kopo, ionekane wanakula nini na wanageuka kitu gani. Alute alimcheka mbele ya watu, akamuuliza kama chuoni walimfundisha kungoja tu. Watu wakacheka naye.

Wanawake walishuka na kanga na nyungo, wakawanasa vipepeo. Martha ndiye aliyewahifadhi. Ili sisimizi wasiwale kabla ya asubuhi, aliwatia kwenye kibuyu, akamwagia majivu yaliyochekechwa vizuri, akakitikisa kibuyu, kama kila mwanamke wa pale anavyotunza mbegu za kunde zisibunguliwe.

Asubuhi Alute akawapuliza, akawapangusa kwa unyoya wa kuku, akawaweka kando ya wale wa sandukuni. Alama ilikuwa moja tu: yule asiye na madhara ana mstari wa vidoa vyeupe kwenye ukingo mweusi wa bawa la nyuma. Hawa hawakuwa navyo, hata mmoja wao.

"Ni wa viazi," alisema. "Chomeni."

Martha alimvuta pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama ana hakika. Alute akamwambia asimwaibishe mbele za watu. Basi yule mama akaingia bustanini wa kwanza, akang'oa kwa mikono yake mwenyewe. Marando mabichi hayashiki moto upesi; yalitoa moshi mzito mpaka jua likazama.

Baada ya hapo maneno yakaanza. Wadudu walitoka wapi, kama si Kinyangiri, na marando ya Martha? Wanawake wakaacha kumngoja njia ya kisimani. Yunisi, jirani aliyeazimana naye chumvi, akamchukua mtoto wake mapajani mwa Martha bila kusema neno. Martha alisema tu kwamba kama ni yeye aliyewaleta, basi ni vizuri wamechomwa.

Mvua ya kwanza ilipodondoka, Alute akashuka bondeni na wavu, apate vipepeo safi wa kuongeza sandukuni. Aliwakuta bado wapo, juu ya magugu, na magugu yenyewe yamejaa viwavi. Katikati yake lilikuwa limebaki rando moja lililosalimika na moto. Panzi walikuwa wamelitoboa mashimo mawili matatu. Kiwavi hata mmoja hakuligusa. Alinasa kipepeo, akamweka chini ya kioo. Vidoa viling'aa. Akanasa wa pili, vidoa. Akaokota majivu ya bustani, akamsugua nayo bawani kidogo tu, na vidoa vikaondoka na ule ungaunga wa bawa. Alikaa pale pale matopeni mpaka suruali ikalowa.

Mkutano wa kijiji ulipoitwa, alisimama. Alisema wadudu wale hawakuletwa na mama yake, hawakuwa wabaya, na marando yalichomwa bure. Angeishia hapo, jina la Martha lingesafika. Lakini Mathayo akauliza, taratibu:

"Kwa hiyo bwana mtaalamu hajui kusoma bawa?"

Kuna waliocheka, kicheko cha watu wenye njaa. Masikio ya Alute yakawaka moto.

"Kusoma najua," alisema. "Nililetewa vipepeo waliosuguliwa majivu. Hata Mzungu mwenyewe asingewatambua."

"Majivu ya nani?" Yunisi akauliza.

Wote walikuwepo kibuyu kilipotikiswa, wakamgeukia Martha. Philipo akaamua hapo hapo: unga wa njano wa msaada ukifika, Martha atapimiwa wa mwisho, kama utabaki. Alute, akasema, alifanya kazi yake. Atapimiwa peke yake, na wa kwanza.

Unga ulipofika, Alute aliitwa wa kwanza, akapimiwa. Alisimama kando mpaka foleni ikaisha, akaona gunia likikung'utwa, mama yake akirudi na bakuli tupu. Akampelekea wake. Martha aliupokea kwa mikono miwili, akasonga ugali, akamwekea mbele, akamnawisha mikono kama anavyonawishwa mgeni.

"Mama, tule wote."

"Kula," alisema. "Umepimiwa wewe."

Akatoka nje, akaketi akiupa mlango mgongo.