Kingo Zilizochanika

Burito alilala kifua wazi katika zahanati ya mgodi, Buhemba, vibati vilivyolowa maji ya chumvi vimefungwa kwenye mikono na miguu yake. Mashine ilipotema karatasi ndefu, alibana pumzi. Hakuamini kwamba nyaya zingeweza kusikiliza moyo wa mtu bila kuchukua chochote.

Daktari, Mwingereza, aliikagua michoro akinena kwa sauti ya chini. Dresa Leodgar, msaidizi wake, akatafsiri.

"Vilima hivi vidogo vimechongoka kupita kawaida. Moyo umelemewa upande wa kulia."

"Umelemewa na nini, bwana dresa?"

"Huenda vumbi la mawe limeharibu mapafu. Huenda ni ugonjwa wa zamani. Mchoro peke yake hausemi."

Miaka sita Burito alikuwa akitoboa mwamba chini ya ardhi. Kama chanzo kilikuwa vumbi, mgodi ungemtibu na kumpa kazi ya getini. Kama ugonjwa aliutoa kwao, angerudi Bugwema siku hiyohiyo, bila hata kidonge.

Daktari akaingia na karatasi chumba cha pili. Aliporudi, alishika vipande viwili.

"Hiki cha leo," Leodgar alisema, akitazama sakafu. "Hiki cha ulipoajiriwa, mwaka arobaini na nane. Vinafanana. Ulikuja nao."

"Wakati ule walikuwaga wanatugonga mhuri mkononi, basi. Na mashine hii umeipakua wewe, juzi tu. Sisi ndio tuliibeba."

"Umesahau, ndugu yangu."

"Ndugu yako nani?"

Burito aliketi. Kusoma hakujua, ila ngozi za ng'ombe alikuwa akizishona tangu utotoni, na mchaniko aliutambua. Akavisogeza vipande mezani hadi kingo zikakutana. Kila jino likaingia katika pengo lake. Kilima kilichokatwa katikati kikawa kizima.

Daktari alitazama, akasema maneno mawili. Leodgar akafungua droo, akatoa mkasi, akazinyoosha kingo zote mbili taratibu, kama mtu anayekata kucha za mtoto. Kisha akasogeza fomu yenye taji la Malkia.

"Weka dole gumba hapa. Halafu uvae shati, wenzako wanasubiri."

Ukanda mwembamba wa karatasi ulikuwa umeanguka juu ya kifundo cha mkono wa Burito, penye maji ya chumvi. Ulikuwa na nusu ya kilima. Wino ulianza kutawanyika.