Simbilisi wa Umulkheir

Mwaka wa 1966 hospitali yetu ya Amu ilikuwa na maabara ya chumba kimoja, na mwenye chumba nilikuwa mimi, Kerubo, mtu wa Kisii niliyekuja pwani na ulimi usiolala. Nisilolipenda nililisema. Bwana Hudson, mganga msaidizi aliyesimamia wadi ya kifua, alilijua hilo kuliko wote.

Tuligombana kwa ajili ya Umulkheir. Alikuwa mshona kofia, bado kijana, na kifua kikuu kilimganda miaka. Alidungwa sindano mpaka kukaa kukawa taabu, na bado makohozi yake yalijaa vijidudu. Hudson alikuwa na jibu lake: mwanamke huyu anakwepa sindano, hasa Ramadhani, anaogopa itamfunguza saumu. Aliyasema hayo katikati ya wadi, watu wakisikia. Na kwa kuwa alimwona mkaidi, hakutaka kumwombea tembe mpya zilizokuwa Mombasa.

"Atazitupa nazo," alisema.

Bila tembe hizo Umulkheir angekufa. Mimi niliamini kwamba vijidudu vyake vimeizoea sindano, haiviui tena. Lakini kuamini tu hakumponyi mtu, basi nikaagiza simbilisi, wale wanyama wadogo mfano wa panya asiye na mkia, ambao kifua kikuu huwamaliza upesi kuliko sisi. Niliwaambukiza wote kwa makohozi ya Umulkheir, nikawagawa katika vizimba vitatu ndani ya banda nyuma ya maabara. Wa kwanza hawakupata dawa yoyote. Wa pili walipata sindano ileile aliyodungwa yeye. Wa tatu niliwasagia tembe mpya, chache nilizopewa na rafiki yangu wa Mombasa. Niliwahudumia kwa mkono wangu kila asubuhi, Jumapili na Idi pia. Simbilisi hafungi Ramadhani, nilimwambia Hudson, wala hana pa kukwepea.

Kazi ilikwenda vizuri mpaka nilipomfuma Bi Alawiya, mamake Umulkheir, amechutama bandani na birika mkononi. Maji ya vibakuli vya simbilisi yalikuwa ya manjano. Nilijua mara moja kuwa ni kombe: aya huandikwa kwa zafarani ndani ya sahani, zikaoshwa, mgonjwa akanywa maji yake. Kila siku alimletea bintiye wadini. Kumbe alikuwa akipitia na huku.

Nilikasirika. "Bi Alawiya, umeniharibia kazi."

"Kazi gani, mwanangu? Ugonjwa walo nao hawa ni wa Umulkheir. Nikimsomea yeye nikawaata hawa, nimesoma nusu."

Hudson alikuwa ameshafika mlangoni, na furaha yake hakuificha. Akasema jaribio limekufa, tuanze upya. Kuanza upya ni miezi, na Umulkheir hakuwa nayo. Wiki ile alikuwa akitema damu.

Ndipo nikauliza nililopaswa kuuliza kwanza. "Uliwapa wa kizimba gani?"

Bi Alawiya aliniangalia kana kwamba nimemtukana. "Wote, sawasawa. Nimpe huyu mai, mwenziwe amtazame? Sisi hatulishi hivyo."

Nilicheka kwa raha. "Umesikia, Bwana Hudson? Wote wamekunywa maji yaleyale. Kilichowatenga ni dawa tu. Jaribio langu ni zima."

Nikaandika daftarini: maji ya kombe, vizimba vyote vitatu.

Siku ya kuwapasua nilimtaka awepo. Wa kizimba cha kwanza na cha pili walikuwa wamekwisha kufa karibu wote, na mapafu yao yalijaa vinundu. Usingejua nani alidungwa na nani hakudungwa. Wa cha tatu walikuwa wanene, mapafu yao safi. Hudson aliyatazama yote, moja moja. Kisha akanawa mikono, akaenda kupiga simu Mombasa.

Habari nilimpelekea Umulkheir mwenyewe. Nilidhani atauliza kama atapona.

"Wale wa sindano," akasema, "walikosa hata siku moya?"

"Hata moja."

"Na wamekufa."

"Wamekufa."

Akalia waziwazi, kwa uchungu. "Hata mama aliwahi kuniuliza," akasema. "Ati ni kweli huendi kudungwa?"

Tembe zilipofika, Hudson alizileta kitandani yeye mwenyewe, nami nikiwapo, na samahani akaiomba, kwa sauti ya chini. Umulkheir akaipokea tembe, akaifumbata.

"Ulinisema kwa sauti kubwa," akamwambia. "Nisafishe kwa sauti iyo iyo, nami n'tameza."

Hudson alinitazama. Sikumsaidia. Basi akaigeukia wadi, akasema kwamba Bi Umulkheir hakukosa sindano hata moja, na kwamba aliyekosa ni yeye mwenyewe, Hudson.

Umulkheir akameza. Kisha akafungua kinywa wazi, akainua ulimi.

"Tazama vyema, Bwana Hudson."

Hudson akainama, akatazama.