Boksi la Kwenda Vienna

Boksi lilipasuka ubavuni kwenye ngazi za stesheni ya Vienna, na limau moja likabingirika hadi miguuni pa bibi mmoja aliyevaa glavu. Nikamwomba radhi. Rafiki yangu Ginevra hakunisaidia. Alikuwa amekalia begi lake dogo, anacheka hadi machozi.

"Limau! Shosti, kwani mama yako anadhani Vienna hakuna limau?"

"Mama yangu anadhani Vienna hakuna chakula."

Hadi leo Ginevra huisimulia habari hii kwenye harusi za watu, na kila mara malimau yanaongezeka.

Mwaka ule tulikuwa tukisoma Munich, yeye Mtaliano wa kaskazini, mimi wa Kalabria, kusini kabisa. Niliropoka tu kwenye simu kwamba wikendi tungekwenda Vienna kutembea. Kwetu, mama akisikia unakwenda mji anaoishi mwanawe mwingine, safari si yako tena. Wiki haikuisha boksi likawa mlangoni pangu, limezungushiwa selotepu pande zote: chupa za nyanya, mafuta ya zeituni, jibini, na chini kabisa soseji kavu za baba. Vyote vya kaka yangu, Saverio. Mimi niliwekewa malimau.

Tulikuwa tumepanga makumbusho, keki ya chokoleti, na muziki jioni. Badala yake tulizunguka mji tukipokezana mzigo. Kwenye makumbusho boksi halikuingia kwenye kabati la mizigo, na mlinzi hakutaka kulisikia. Ginevra akaingia peke yake, mimi nikabaki kwenye ngazi nimelikumbatia, nanuka jibini. Nilimkasirikia mama. Nilimkasirikia Saverio, ambaye hapokei simu. Lakini zaidi nilimkasirikia baba, maana yote haya chanzo chake ni yeye.

Baba ana bucha, aliyoachiwa na baba yake, na Saverio ndiye angeirithi. Januari moja, siku ya kuchinja nguruwe, tukiwa sote tumezunguka meza, Saverio akasema bucha haitaki. Amepata kazi ya kuendesha tramu Vienna. Baba alikuwa anachanganya nyama ya soseji kwenye karai lake. Hakuinua hata kichwa.

"Basi mimi nina mtoto mmoja," alisema, akaendelea kuchanganya.

Karai lile hakuna anayeruhusiwa kutia mkono, hata mama. Na mbegu za shamari baba huzimwaga humo bila huruma. Saverio hakuzipenda tangu utoto. Alikuwa akizichokoa kwa ncha ya kisu na kuzipanga ukingoni mwa sahani, huku baba akifoka kwamba soseji isiyo na shamari ni chakula cha wagonjwa, na bucha yake si hospitali.

Tangu siku ile baba hakulitaja jina la Saverio, na Saverio naye, kwa kichwa kilekile kigumu, hakukanyaga nyumbani. Mama akabaki kutuma maboksi. Mawili yalirudishwa bila kufunguliwa. Baba aliyapeleka ghalani mwenyewe na kutukataza kuyagusa. La tatu mama aliamua nilipeleke mimi.

"Likirudi na hili, basi," aliniambia. "Sina nguvu tena, mwanangu."

Mchana Saverio akatuma ujumbe hatimaye: tumfuate kituo cha mwisho cha tramu yake, ana mapumziko mafupi. Tulimkuta ndani ya sare, amenenepa kidogo. Akanibusu mashavu yote mawili. Kisha akaliona boksi, akakunja uso.

"Mirella, hilo rudi nalo."

"Unasemaje?"

"Mwambie mama nashukuru. Siwezi kula nyama ya mtu asiyenitambua."

Hapo nikalipuka. "Usile, shauri yako! Dude hili nimelibeba toka Munich, mikono imekufa ganzi, nanuka kama beberu! Unataka kugombana na baba, panda treni ukagombane naye. Mimi si posta yenu!"

Abiria waliokuwa wakisubiri wakasogea pembeni. Ginevra yeye njaa ilikuwa imemshinda. Alishaliweka boksi kwenye benchi na kuingiza mkono.

"Jamani, ninyi watu wa kusini mkigombana hamli?" alisema. "Na soseji hii mbona ina uzi mwekundu? Zingine zote zina mweupe."

Akakata kipande na kumnyooshea Saverio. Kwetu mtu akikukatia chakula kwa mkono wake hukatai, hata kama una hasira kiasi gani. Saverio akakipokea. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Akakata kipande kingine, akakigeuzageuza kwenye mwanga.

"Haina shamari," alisema.

Nikamnyang'anya nikauma. Haina. Nikaonja ya uzi mweupe: shamari tele, kama kawaida. Mimi na kaka tukatazamana, sote wawili tukiliwazia karai lile. Halafu nikayakumbuka yale maboksi mawili ghalani.

"Nimekata vibaya?" Ginevra aliuliza.

"Hapana, dada," Saverio alisema. "Umekata vizuri."

Muda wake ulikuwa umekwisha. Akalibeba boksi kwa mikono miwili, akalisimamisha karibu na miguu yake kwenye chumba cha dereva, akapiga kengele, akaondoka. Kuniaga alisahau. Nikasimama pale nalia kwa hasira, maana mtu mzima alikuwa ameona ni rahisi kumtengenezea mwanawe soseji zake peke yake kuliko kuinua simu.

Jumapili niliporudi Munich, simu ikaita. Alikuwa baba, ambaye hapigi simu.

"Boksi lilikuwa zito?"

"Zito sana, baba."

Nilisikia kisu kikiwekwa mezani.

"Umerudi nalo?"

"Sikurudi nalo."

"Haya," alisema, na kabla sijamwambia hata neno moja kati ya yote niliyokuwa nimemwandalia njia nzima, akakata.